Pakia au Shusha: Istilahi za Wahudumu wa Ndege Maegeshoni

1. Utangulizi

Kila kazi huja na maneno yake, na mtu hahesabiwi kuwa ameijua kazi mpaka awe ameyajua maneno hayo. Mvuvi ana maneno yake, mhunzi ana yake, na dereva wa lori pamoja na utingo wake wana yao. Ipo kazi moja ambayo wasomaji wengi huiona kwa mbali tu, kupitia dirisha la jengo la abiria: ni kazi ya wale watu waliovaa fulana zinazong'aa, ambao huipokea ndege ikishatua, huipakua, huipakia, huihudumia na kuiaga. Kwa muda mrefu kazi hiyo imefanywa nchini mwetu kwa lugha ya mchanganyiko. Hati zake huandikwa kwa Kiingereza, ilhali maneno wanayoambiana wafanyakazi wenyewe wakiwa kazini aghalabu ni ya Kiswahili, au ya Kiingereza kilichovishwa nguo za Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kutimiza mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa ufupi kazi yenyewe ilivyo, kwa kuwa haiwezekani kukiita kitu kwa jina linalokifaa kabla ya kukijua. Pili, kuyapima maneno yanayotumika, au yanayoweza kutumika, kwa mizani mbili: mizani ya maana na mizani ya sikio. Tutajaribu kuonyesha kwamba katika kazi hii istilahi si pambo la kamusi. Ni chombo cha usalama, sawasawa na kamba inayofunga mizigo.

Mifano yetu tumeielekeza kwa kijana wa Mandawa, na hapana budi tueleze kwa nini. Kata ya Mandawa leo imo katika Wilaya ya Ruangwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi ilipofanywa wilaya peke yake mwaka 1995. Katika nchi hiyo ya Wamwera ndege ilifika mapema sana kuliko barabara ya lami. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilipoanzisha mpango wake wa kulima karanga, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu yaliyochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa bandari, ikajengwa reli, na kikatengenezwa kiwanja cha ndege. Mpango ulifutwa mwaka 1951, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kiwanja kilibaki. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari zake mwaka 1946, liliifanya Nachingwea kuwa mojawapo ya vituo vyake vya kusini. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege la Tanzania liliundwa mwaka huohuo.

Basi kijana wa Mandawa si mgeni wa ndege, wala si mgeni wa kupakia. Katika maghala ya vyama vya ushirika ameona magunia ya ufuta, korosho na mbaazi yakipimwa, yakihesabiwa na kupandishwa malorini. Siku atakapopata kazi katika kiwanja cha Mtwara au cha Dar es Salaam, maneno ya upakiaji anayo tayari. Swali ni hili: je, lugha ya kiwanjani itayapokea maneno yake, au itamlazimu ayaache langoni?

2. Kazi yenyewe

Ndege hupata faida ikiwa angani, nayo hukaa ardhini kwa muda mfupi tu. Katika muda huo mambo mengi hufanywa kwa pamoja, na kila jambo lina nafasi yake katika mpango.

Kabla ndege haijafika, wahudumu hulikagua eneo itakaposimama na kuokota kila kilichoanguka: jiwe, msumari, kipande cha nailoni. Injini ya ndege hufyonza hewa kwa nguvu kubwa, na kitu kidogo tu kikiingia ndani kinaweza kuiharibu. Ndege inapokaribia, mtu mmoja husimama mahali ambapo rubani anamwona vizuri, akiwa na vijiti viwili vya ishara, naye humwelekeza hadi kwenye alama. Ikishasimama, hakuna anayeruhusiwa kuisogelea mpaka injini zizimwe na ile taa nyekundu imwekayo mwekao ikome. Ndipo kabari zinapowekwa mbele na nyuma ya magurudumu, na koni kuzunguka ncha za mabawa.

Baada ya hapo ngazi husogezwa, abiria hushuka na mizigo hutolewa. Gari la mafuta huja, maji safi huingizwa, maji machafu huondolewa, na chumba cha abiria husafishwa. Kisha kazi huanza upya kwa kinyume chake: mizigo mipya hupangwa kwa kufuata hati ya upakiaji, ikafungwa kwa nyavu na kamba ili isiteleze, milango hufungwa, na ndege kubwa husukumwa nyuma kwa trekta maalumu mpaka mahali inapoweza kwenda yenyewe.

Katika viwanja vikubwa kazi hii ni ya kampuni maalumu. Pale Dar es Salaam iliundwa kampuni ya DAHACO, ambayo baadaye iligeuka kuwa Swissport Tanzania. Katika kiwanja kidogo kinachopokea ndege za abiria kumi au kumi na wawili, watu wawili au watatu hufanya yote: huyo anayeweka kabari ndiye anayepima mizigo, na ndiye anayeshika mkono wa bibi kizee akipanda ngazi. Huko hakuna trekta la kusukuma ndege, lakini ipo hatari nyingine: rafadha, yaani lile panga la mbele, ambalo likizunguka kwa kasi halionekani kabisa kwa macho.

3. Majina ya watu

Tuanze na jina la mfanyakazi mwenyewe. Kiswahili hakina uhaba wa majina ya watu wa mizigo. Misafara ya bara katika karne ya 19 ilitupa neno “pagazi”. Bandari na masoko ya pwani yalitupa “hamali”, lenye asili ya Kiarabu, na “kuli”, lililotoka Bara Hindi. Barabara za malori zikatupa “utingo”. Hata hivyo kila moja lina historia yake mgongoni. “Pagazi” linambeba mtu aliyebeba mzigo kichwani kwa miezi mingi. “Kuli” lina harufu ya dharau. Na “utingo” ni wa gari. Tena yote yanamtaja mtu wa kubeba tu, ilhali mhudumu wa ndege hupima, husoma hati, huendesha mitambo na hutoa ishara.

Wengine husema “wafanyakazi wa chini”, kwa kuwatofautisha na wale wanaoruka. Istilahi hiyo haifai hata kidogo. Katika Kiswahili mfanyakazi wa chini ni mwenye cheo kidogo, na si haki jina la kazi liwe tusi kwa anayeifanya. “Huduma za ardhini” imeshazoeleka kuwa jina la shughuli nzima, nayo yaweza kubaki. Kwa watu wenyewe tunapendekeza “wahudumu wa maegeshoni”. Mamlaka zetu zimeshalitumia neno “maegesho” kwa eneo ndege zinaposimama, kwa hiyo jina hilo linaonyesha mahali pa kazi bila kumshusha mtu. Pia linamtenga na “mhudumu wa ndege”, ambaye kwa wasikilizaji wengi ni yule anayewahudumia abiria angani.

Vivyo hivyo kwa yule mwenye vijiti. Wapo wanaomwita “mwongozaji”. Lakini waongozaji wa ndege ni wale walioko mnarani, wanaozungumza na rubani kwa redio, na kuwaita watu wawili tofauti kwa jina moja katika kiwanja kimoja ni kutafuta balaa. Kwa kuwa huyu haongozi kwa maneno bali kwa ishara, aitwe “mwashiriaji”.

4. Hazina ya bahari na hazina ya barabara

Neno “rubani” ni ushahidi mwema kwamba lugha yetu iliweza kupanda angani bila kuomba nauli. Asili yake ni ya baharini: rubani alikuwa mjuzi wa njia anayekiongoza chombo majini. Ndege ilipokuja, watu hawakubuni neno jipya. Walimtoa rubani majini wakampeleka angani, na leo wengi hawajui kwamba aliwahi kulowa. “Abiria” na “shehena” nayo yalitumika vyomboni kabla ya kufika viwanjani.

Je, bahari bado ina kitu cha kutupa? Kipo. Mabaharia wetu wanalo neno “farumi”, yaani vitu vizito vinavyowekwa ndani ya chombo kisicho na shehena ya kutosha ili kisiende mrama. Ndege pia huhitaji farumi: inaposafiri karibu tupu, huenda ikalazimu iwekewe uzito mahali maalumu ili isielemee upande mmoja. Kadhalika wanayo maneno “omo”, sehemu ya mbele ya chombo, na “tezi”, sehemu ya nyuma. Methali husema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ndiyo sehemu ya chini ndani ya chombo, nayo inalingana na chumba cha chini cha ndege kinachowekwa mizigo.

Hapa ndipo tunapomkumbuka kijana wa Mandawa. Yeye hakukulia pwani. Ukimwambia “peleka ngamani”, atasimama akikutazama. Lakini ukimwambia “tumbo la mbele” au “tumbo la nyuma”, ataelewa papo hapo, kwa kuwa kila kitu chenye kubeba kina tumbo. Kwa maoni yetu maneno ya baharini yapokelewe pale tu yanapotaja jambo lisilokuwa na jina jingine, kama “farumi”. Na pale ambapo neno la nchi nzima lipo, neno hilo lishike nafasi. Istilahi ya taifa haiwezi kumdai mtu wa bara awe baharia kwanza.

Barabara na ghala nazo zina hazina yake. Neno moja la huko linastahili kuingizwa katika mafunzo ya viwanjani: “lumbesa”. Kila mkulima wa Mandawa anajua lumbesa ni nini: ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba, ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza, kwa kuwa humdhulumu mkulima. Katika ndege lumbesa humdhulumu kila aliyemo ndani. Mzigo ulioandikwa kilo 50 ukawa na kilo 70 huiharibu hesabu nzima ya rubani, wala hakuna jicho linaloweza kuuona uongo huo; ni mizani tu.

Isidhaniwe kwamba tunatia chumvi. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ndogo ya abiria ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Charlotte nchini Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulionyesha mambo mawili yaliyokutana: mtambo wa mkiani ulikuwa umerekebishwa vibaya, na ndege ilikuwa imeelemewa upande wa nyuma, kwa sababu makadirio ya uzito wa abiria na mizigo yaliyotumika yalikuwa chini ya uzito halisi. Kukadiria kwa macho na kwa mazoea ndiyo lumbesa ya angani. Mtu aliyeikataa lumbesa ghalani anaweza kufundishwa jambo hili kwa neno moja tu, ambalo mafunzo ya lugha ngeni yangelihitaji kurasa kadhaa kulieleza.

5. Mizani ya sikio

Kufikia hapa tumepima maana. Sasa tupime sauti, na hapa tunaingia katika jambo ambalo vitabu vya istilahi hulisahau.

Wataalamu wa afya ya kazi huhesabu kwamba kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku yaweza kudhuru masikio. Karibu na injini ya ndege kelele hupita desibeli 120. Mhudumu amevaa vikinga masikio, upepo unavuma, na mwenzake anapiga kelele akiwa hatua ishirini mbali. Kinachomfikia si neno zima. Ni vipande vya neno.

Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo ni moja ya mapambo ya sarufi yetu. Kwa kubadili sauti moja tu tunaligeuza tendo kuwa kinyume chake: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua, kunja, kunjua. Jozi ya “pakia” na “pakua” nayo imejengwa hivyohivyo. Katika mazungumzo ya baraza mpango huu ni mzuri mno. Maegeshoni ni hatari. Baina ya “pakia” na “pakua” tofauti ni irabu moja iliyo katikati ya neno, na irabu hiyo ndiyo inayomezwa na kelele. Anayeambiwa “funga” akasikia “fungua” hakukosea lugha. Lugha ndiyo iliyomweka mahali pabaya.

Dawa yake si kuubomoa mpango wa kutendua. Dawa ni kuchagua, kwa ajili ya amri za maegeshoni, maneno yasiyokuwa na shina moja. Tuseme “pakia” na kinyume chake “shusha”. Kwa mlango tuseme “komea”, na kinyume chake “fungua”. Kwa kamba na nyavu tuseme “kaza”, na kinyume chake “legeza”. Kwa kabari tuseme “weka” na “ondoa”. Maneno haya yote yapo, yote ni mepesi, na hakuna jozi moja inayoweza kuchanganywa na sikio lililochoka.

Ukanushaji nao uepukwe katika amri. “Usiondoe kabari” ikikatwa na kelele mwanzoni hubaki “ondoe kabari”, yaani kinyume kabisa cha alichokusudia msemaji. Badala yake isemwe “subiri”, neno ambalo halina uhusiano wowote na kuondoa. Na kwa hatari ya ghafla liwepo neno moja tu, “simama”, ambalo kila mtu, hata aliye mgeni wa siku ya kwanza, awe na haki ya kulitamka na kutiiwa.

Ulimwengu umeshajifunza somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye barabara ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, na watu 583 wakafa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya kuruka lilitumika katika mazungumzo ya redio bila kuwa wazi kama ndege inangoja kuruka au imeshaanza kuruka. Baada ya msiba huo neno lile liliwekewa mpaka: hutamkwa tu wakati ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na kabla ya hapo hutumika neno jingine lenye maana ya kuondoka. Ikiwa Kiingereza, pamoja na uzoefu wake wote katika urubani, kililazimika kuyatenga maneno yake mawili, Kiswahili hakina sababu ya kungoja msiba wake.

Kwa kuwa sauti haiaminiki, kazi hii ina lugha ya pili, nayo ni ya mikono. Ishara zake ni za kimataifa na zimeandikwa katika viambatisho vya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga. Mwashiriaji akitaka ndege isimame, huinua mikono yake kutoka kando hadi vijiti vikutane na kupishana juu ya kichwa. Kabari zikishawekwa, hunyoosha mikono juu na kuvisukuma vijiti kwa ndani hadi vigusane. Zikiondolewa, huvisukuma kwa nje. Katika ishara hizi kuweka na kuondoa ni vinyume vinavyoonekana waziwazi. Amri zetu za mdomo nazo ziwe hivyo.

6. Neno moja, vitu viwili

Yapo maneno matatu yanayohitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kila moja limebeba zaidi ya maana moja.

La kwanza ni “ndege” lenyewe. Kiumbe chenye manyoya na chombo chenye injini vina jina moja, na sarufi ndiyo inayovitenga: ndege yule ameruka, ndege ile imeruka. Lakini si kila sentensi ina upatanisho wa kutuokoa. Mtu akisema “kuna ndege barabarani”, je, amemaanisha kunguru au chombo? Jambo hili si la mzaha, maana kufukuza ndege wenye mabawa ya manyoya ni sehemu halisi ya kazi ya kiwanjani. Mmoja tu akiingia katika injini anaweza kuleta hasara kubwa. Tunashauri mambo mawili. Katika amri na taarifa, kiambishi cha mtendwa kisiachwe kamwe: “wafukuze ndege” kwa viumbe, “isogeze ndege” kwa chombo. Na katika taarifa za hatari viumbe hao watajwe kwa majina yao, kunguru, mwewe, korongo, au waitwe “ndege hai”.

La pili ni “mzigo”. Sanduku la abiria ni mzigo, gunia la mfanyabiashara ni mzigo, na mfuko wa posta ni mzigo. Katika hati ya upakiaji vitu hivi vitatu huandikwa mahali mbalimbali na hushughulikiwa kwa taratibu mbalimbali. Tuseme “mzigo” kwa kile kinachofuatana na abiria, “shehena” kwa kile kinachosafirishwa kwa malipo yake chenyewe, na “posta” kwa barua na vifurushi. Mipaka hii imeshaanza kuonekana katika matumizi. Kilichobaki ni kuisanifu.

La tatu ni tatizo la vipimo. Kwa kawaida tunasema “mafuta mengi” au “mafuta kidogo” bila kutaja kama tunahesabu ujazo au uzito. Gari la mafuta hupima kwa lita, bali rubani huhesabu kwa uzito, maana uzito ndio unaobebwa na mabawa. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani, ikateleza bila injini hadi ikatua Gimli, katika kiwanja cha zamani cha jeshi. Chanzo kilikuwa ardhini: katika kugeuza lita kuwa kilo, wahusika walitumia namba 1.77, ambayo hutoa uzito kwa ratili, badala ya takriban 0.8, ambayo hutoa uzito kwa kilo. Ndege ikaruka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Kwa bahati na kwa ustadi wa marubani hakuna aliyekufa. Somo kwa mwanaistilahi ni kwamba namba isiyokuwa na jina la kipimo si taarifa. Amri na hati za Kiswahili zitamke daima “lita” au “kilo”, na maneno “ujazo” na “uzito” yasibadilishane nafasi.

7. Orodha ya mapendekezo

Kwa muhtasari tunaorodhesha hapa istilahi tulizozijadili, pamoja na chache zinazohusiana nazo, ili wasomaji wazipime.

Maegesho: eneo la kiwanja ambamo ndege husimama ili kuhudumiwa.

Barabara ya kurukia: njia ndefu ambayo ndege huitumia kuruka na kutua.

Kiungio: njia inayounganisha maegesho na barabara ya kurukia.

Mhudumu wa maegeshoni: mfanyakazi anayeihudumia ndege ikiwa imesimama.

Mwashiriaji: anayemwelekeza rubani kwa ishara za mikono ndege inapoingia au kuondoka maegeshoni.

Kabari: kipande cha mbao, mpira au chuma kinachozuia gurudumu lisiviringike.

Tumbo la mbele, tumbo la nyuma: vyumba vya chini vya ndege vinavyowekwa mizigo na shehena.

Hati ya upakiaji: karatasi inayoonyesha uzito wa kila kitu kilichomo ndani ya ndege na mahali kilipowekwa.

Kitovu cha uzito: nukta ambayo uzito wote wa ndege hulingana pande zote.

Farumi: uzito unaoongezwa makusudi ili ndege isielemee upande mmoja.

Lumbesa: mzigo wowote uliozidi uzito ulioandikwa.

Mkono wa kukokotea: chuma kinachounganisha trekta na gurudumu la mbele la ndege.

Amri za mdomo: pakia, shusha, komea, fungua, kaza, legeza, weka, ondoa, subiri, simama.

8. Hitimisho

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tujisumbue, iwapo marubani na waongozaji wa mnarani watazungumza Kiingereza daima katika safari za kimataifa? Jibu ni kwamba hatujataka kuingia katika redio ya rubani. Tunazungumzia hatua zile ishirini baina ya mtu aliye mlangoni mwa ndege na mwenzake aliye kwenye gurudumu. Hapo Kiswahili kipo tayari, kilikuwapo jana, na kitakuwapo kesho. Hakuna baraza lililokialika, wala hakuna litakaloweza kukifukuza. Linalowezekana ni moja kati ya mawili: ama kiachwe kiendelee kwa bahati, kila zamu na maneno yake, ama kisanifiwe kwa makusudi ili mtu wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya usiku, wa Mtwara na wa Mwanza, wasikie jambo moja.

Usanifishaji huo usifanyiwe mezani peke yake. Orodha hii, kama inavyostahili orodha yoyote ya namna yake, ipelekwe maegeshoni, isomwe kwa sauti injini zikiwa zinanguruma, na kila neno litakaloshindwa kusikika liondolewe hata kama wanaisimu wanalipenda. Kijana wa Mandawa aliyezoea kupanga magunia ya ufuta juu ya lori ana maarifa ya uzito, ya mlingano na ya kamba. Tukimpa istilahi zilizo wazi, atayahamishia maarifa hayo kwenye ndege kwa muda mfupi. Tukimpa maneno asiyoyasikia au asiyoyajua, tutakuwa tumemnyima kazi yake, na abiria tutakuwa tumewanyima usalama wao.